Mae, Msiizibe Njia ya Chini

Leipzig, Ujerumani

Mae mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa kitini na chai yangu pembeni, maana najua huthamini salamu ya mtu aliyesimama mlangoni. Nawe kaa, vaa miwani, na Mama Byera wa jirani akija kuazima chungu mwambie asubiri. Goti linaendeleaje? Projestus ananiambia limepona kabisa, lakini huyu huyu mdogo wangu aliniambia ng'ombe amepona, na kesho yake ng'ombe akafa, kwa hiyo nauliza mwenyewe. Bado unakaa kupumzika katikati ya mlima ukienda misa? Kahawa imeanza kuwa nyekundu? Na wewe unakula, au unawapikia wengine halafu unasema umeshiba?

Mimi mwili ni mzima. Baridi imeingia, nimenunua koti lingine. Kuna duka la Waafrika karibu na stesheni, wanauza ndizi za kijani ndogo, ngumu, zimetoka nchi gani sijui. Nilizipika Jumapili, zikakataa kuiva. Nikazila hivyo hivyo nikiwa nimekasirika.

Barua hii anaileta Leontina, yule nesi wa Rubafu ninayesali naye. Ameahidi kufika Nshamba yeye mwenyewe, hatamkabidhi mtu njiani. Mpe akamwani, kahawa ya kutafuna, na asiondoke bila kula, kwa sababu yeye ndiye mtu pekee huku anayeniuliza nimeamkaje na kusubiri jibu. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe kila kitu ni salama, mimi kila kitu ni salama, halafu mtandao unakatika na hatujasemezana chochote.

Najua unachosubiri. Unasubiri neno langu kuhusu ukuta. Projestus anataka kuzungushia kibanja chote tofali, toka barabarani hadi kule chini kwenye kijito, kwa sababu wezi wanatuvunia kahawa mbichi. Wewe umemwambia hawezi kuweka hata tofali moja mpaka mimi mkubwa niseme. Nimekawia kujibu, Projestus amenuna, na ana haki ya kununa. Jibu ninalo, lakini nikilitoa hivi hivi utadhani baridi imenipanda kichwani. Acha nianzie kwenye kazi yangu.

Nasikia sokoni unawaambia watu kwamba mimi ni injinia wa kompyuta. Endelea kusema hivyo, sikukatazi. Lakini ukweli, Mae, mimi nalipwa kwa kucheza. Kampuni yetu inatengeneza gemu. Ndani ya kioo yuko mwanaume mmoja, muuaji wa kukodiwa. Hana mke, hana ukoo, na jina lake hubadilika kila safari. Anatumwa kumuua mtu mmoja aliyejificha mahali palipojaa walinzi, na anayecheza ndiye anayemwongoza kwa vidole. Sifa si kuua wengi. Sifa ni kuingia, kumaliza kilichokuleta, na kutoka bila mtu kujua kwamba uliwahi kuwepo. Ukimwangusha mlinzi njiani lazima umburute ukamfiche, la sivyo mwenzake atamwona na kupiga yowe. Mimi kazi yangu ni kuingia tena na tena nikitafuta makosa: mlango unaogoma kufunguka, mlinzi aliyenasa ukutani, maiti inayoelea hewani. Nikiona kosa naandika, mafundi wanarekebisha, naingia tena.

Usijikune kichwa. Ni picha tu, hakuna mtu anayeumia. Nilishalipeleka jambo hili kwenye kitubio, na padre wa hapa akaniuliza gemu yenyewe itatoka lini.

Kilichonisumbua si kuua kwake. Kilichonisumbua ni kwamba huyo bwana angeishi mji huu raha mustarehe. Mimi natoka nyumbani, napanda tramu, nafika ofisini, narudi, napanda ngazi mpaka chumbani kwangu, na hakuna aliyeniuliza ninatoka wapi, ninakwenda wapi, mimi ni wa nani. Jirani wa mlango wa kushoto tumeishi naye tangu nihamie, na ninachokijua kwake ni viatu vyake. Kuna siku niliumwa homa nikalala ndani mpaka ikapoa yenyewe, na nilipotoka hakuna aliyejua kwamba sikuwepo. Mae, nina upweke. Nimejaribu kulisema kwa namna nyingine lakini neno ni hilo.

Sasa basi. Wakubwa waliamua kwamba safari moja ya huyo muuaji iwe kwenye kijiji cha kahawa karibu na ziwa kubwa la Afrika. Anayewindwa ni tajiri wa magendo ya kahawa, amejificha kwao na walinzi wake. Walipotuonyesha picha za mwanzo nilicheka mpaka nikakohoa. Vibanda vya mviringo vya nyasi, ngoma uwanjani, na juu ya mlango ngozi ya simba. Mkuu wetu, mama mmoja anaitwa Ulrike, mtu wa maneno machache, akaniuliza, "Method, kwenu si ni huko? Kuna kosa gani?"

Nikamwambia, "Kosa ni lote."

Ndipo akaniweka mezani na wachoraji. Nikawachorea kwetu, Mae. Sikujua kwingine. Nyumba ya tofali na bati lake, baraza yenye benchi la Taata, turubai la kuanikia kahawa uani, migomba imezunguka mpaka mlangoni na mibuni chini yake, na yale majani tunayotandaza ardhini mpaka mguu hautoi sauti. Walikuwa wananisikiliza kwa heshima ambayo hata kwenye kikao cha ukoo sijawahi kuipata.

Walipofika kwenye njia ya kuingilia tukagombana kidogo. Wao walitaka muuaji apite njia kuu, avae kofia, ajifanye mnunuzi wa kahawa. Nikawaambia huyo hamalizi hata nyumba ya kwanza. Atamkuta Mama Byera nje, atasalimiwa, na lazima ajibu salamu yote mpaka mwisho. Ataulizwa ni mtoto wa nani na ukoo gani. Akisema ni mgeni, atapewa kahawa ya kutafuna, ataulizwa habari za alikotoka, halafu atasindikizwa mpaka mlango wa huyo anayetaka kumuua, na aliyemsindikiza atakaa naye barazani. Wakacheka sana. Mmoja akasema, "Kwa hiyo kijijini kwenu mtu hauawi."

Ulrike hakucheka. Akauliza, "Na anayetaka kuingia asionekane, anapita wapi?"

Hapo nikajibu haraka, kwa sababu jibu nililijua tangu nikiwa darasa la tano. Anapita chini. Anatokea kijitoni, anapenya kwenye ile miti ya mpaka, anapanda kupitia upande wenye migomba mizee pale kwenye mparachichi, na kichwani amebeba mzigo mkubwa wa majani uliomfunika uso, kama mtu aliyetoka kukata majani ya kutandazia. Hakuna atakayemsimamisha mtu mwenye mzigo wa majani. Unakumbuka, Mae, siku mlizodhani nipo mlimani nakata majani? Nilikuwa Nshamba senta, kwenye kibanda cha video. Nilikuwa na mzigo wangu nimeuficha kijitoni, jioni naubeba, napita chini, naingia nikiwa nimechoka kweli kweli, na wewe unanipa uji.

Wakaipenda njia hiyo kuliko kitu kingine chochote kwenye kijiji kile. Wakaniandika jina kwenye ubao. Na kwa kuwa pale kwenye mparachichi majani ni mengi na migomba imesongamana, wajaribu wenzangu wakagundua kwamba ndipo mahali pazuri zaidi pa kuficha maiti. Unamwangusha mlinzi, unamburuta mpaka chini ya mti, unamfunika, hakuna anayemwona. Kijana mmoja mwenzangu aliwalundika walinzi wote pale, mmoja juu ya mwingine, akatuita tuje tuone. Nilikwenda, nikaona, nikampigia makofi. Na mimi mwenyewe nimelaza pale watu sijui wangapi.

Sasa, Mae, kuna jambo ambalo sikuwahi kukuuliza. Mwaka jana Taata alipofariki mliniwekea mazishi kwenye simu, kwa sababu kibali changu cha kukaa huku kilikuwa kinashughulikiwa, na ningetoka nisingeruhusiwa kurudi. Niliona misa. Niliona mkitoka na jeneza mlangoni, Projestus akiwa mbele. Halafu picha ikaganda, na iliporudi watu walikuwa wamekaa kwenye majani wanakula. Nikajiambia wamemlaza karibu na Babu, pale juu kando ya nyumba, maana ndiko wanakolala watu wetu. Na sikuuliza. Mtu gani anauliza mahali alipolazwa baba yake? Nilipowachorea wale watu kibanja chetu sikuchora kaburi lolote, nikidhani kwa kufanya hivyo nawaheshimu marehemu wetu, na nikahakikisha upande ule wa juu hakuna njia.

Halafu Projestus akatuma picha ya ukuta. Alikuwa anataka nione unapopita mpaka wa chini, ameweka kamba na vijiti. Nikakuza picha nione kamba, na nyuma ya kamba, chini ya mparachichi, nikaona vigae vyeupe na msalaba. Jina la Taata nililisoma herufi kwa herufi, kama mtu anayejifunza kusoma.

Kesho yake nilikwenda kazini kama kawaida, na nikamkuta yule kijana anaburuta maiti kuelekea mparachichi huku anapiga mluzi. Nikamwambia, "Acha." Akaniangalia. Nikamwambia tena, kwa sauti ambayo sikuijua, nikamshika mkono. Halafu nikaenda chooni nikalia, na nililia vizuri, Mae, kama nilivyopaswa kulia mwaka jana nikiwa katikati yenu.

Ulrike akaniita ofisini kwake akafunga mlango. Akasema, "Nieleze kwa kifupi."

Nikasema, "Pale mnapoficha maiti, baba yangu amelala."

Hakuelewa mwanzoni, alidhani nazungumzia gemu. Nikamwonyesha picha ya Projestus. Aliitazama, akatazama kioo chake, mti ule ule, mteremko ule ule, akaweka simu yangu mezani taratibu. Akauliza kama nataka wachore kaburi ili watu waheshimu. Nikakataa. Nawajua wachezaji, ukiwachorea kaburi watalikanyaga makusudi ili waone kitatokea nini. Nikamwambia nataka pafungwe pasipitike kabisa. Akaita mafundi. Kabla wiki haijaisha upande wote wa chini ulikuwa ukuta wa migomba, huingii kwa miguu wala kwa kutambaa, na muuaji wakamtafutia njia nyingine upande wa barabara, ya kujificha ndani ya lori la kahawa. Si nzuri kama yangu. Wenzangu walinuna kwa sababu yao. Mimi nikalala usingizi.

Ndipo nikampigia Projestus. Nilikuwa nimepanga kumgombeza. Nikamuuliza, "Taata mmemwekaje kule chini peke yake? Kwa nini si kwa Babu?"

Akasema, "Waitu kaka, hatukumweka sisi. Alijichagulia mwenyewe."

"Alisemaje?"

"Alisema, Method akirudi atapita kwa chini, kama siku zote. Mniweke pale anikute."

Nikamwambia, "Taata hakuwa anajua ile njia."

Projestus akacheka, mara ya kwanza tangu nimcheleweshee jibu la ukuta. Akasema, "Kaka, alikuwa anajua toka siku ya kwanza. Alisema ule mzigo wa majani ulikuwa ni uleule mwaka mzima, umekauka mpaka unadondoka njiani. Alikuwa anakaa kwenye benchi lake, anakuona unapanda, halafu anageuza uso aangalie barabara ili usijue amekuona."

Mae, wewe ulikuwepo aliposema hayo maneno ya mwisho. Hukuniambia, na najua kwa nini. Ulifikiri, huyu mtoto yuko peke yake huko kwenye baridi, nani atamshika mkono nikimwambia. Ni kweli hapakuwa na mtu. Nilikuwa kwenye tramu, nikashuka kituo ambacho si changu, nikatembea. Nilijiona bingwa wa kuingia bila kuonekana, na maisha yangu yote ya utoto kulikuwa na mtu mmoja anayeniona na kunyamaza kwa kupenda. Huku sasa hakuna anayegeuza uso, kwa sababu hakuna anayenitazama.

Nikarudi kwa Ulrike. Nikamwomba aifungue ile njia. Aliniangalia kama unavyomwangalia Projestus akija kuomba jembe alilorudisha jana. Akasema, "Juzi ulilia ili ifungwe." Nikasema ndiyo. Nikamweleza kwamba sitaki maiti pale, sitaki muuaji, nataka tu njia iwepo. Akanisikiliza mpaka mwisho, na nafikiri alielewa, lakini akasema kijiji kimekwisha kufungwa, kazi imepelekwa mbele, na ukigusa migomba ile sasa unaharibu vitu vya watu wengi. "Pole, Method," akasema, na aliisema kwa kumaanisha.

Kwa hiyo kule kwenye gemu nimeifunga kwa mikono yangu, na itabaki imefungwa. Kazi ikiisha huwa naingia mara moja moja, sifanyi chochote. Nasimama nje ya ile migomba. Walinzi wananipita. Nimevaa nguo za mkulima wa kwetu, nimesimama kwenye ardhi ya kwetu, na hakuna hata mmoja anayeniuliza mimi ni wa nani.

Sasa jibu la ukuta ni hili. Projestus ajenge. Wezi wa kahawa ni shida ya kweli, na mimi niliye mbali siwezi kuwaambia mlio pale muendelee kuibiwa kwa ajili ya kumbukumbu zangu. Ajenge barabarani, ajenge pande zote mbili, na nitachangia sehemu yangu kama tulivyosema. Lakini kule chini, kati ya miti ya mpaka na mparachichi, aache upenyo. Usiwe geti, geti litafungwa. Uwe wazi, upana wa mtu mmoja aliyebeba mzigo wa majani kichwani. Atasema wezi watapita hapo hapo. Mwambie nakubali, wachache watapita. Kahawa ya debe moja au mawili nitailipa kila msimu na sitauliza. Kibali changu hakijatoka na sijui kitatoka lini, sitakudanganya kwa kutaja mwezi. Ila Taata anasubiri mtu apande kutokea chini, na mtu huyo ni mimi.

Nisalimie Adela, mke wa Projestus, na umwambie barua hii ni yako, macho yako yakichoka akikusomea, asiruke mahali pa Projestus kununa. Nisalimie Shangazi Leokadia wa Ngenge, yule aliyenifunga kitambaa cha kichwa uwanja wa ndege ili nisipate baridi, bado ninacho. Mwalimu wa katekesi aliyesoma somo kwenye mazishi, mwambie nilimsikia lote kabla simu haijaganda. Mama Byera mwambie kwamba ofisini kwetu watu wa mataifa yote wanamwogopa, atakuuliza kwa nini, usimweleze.

Na wewe, Mae, ukishuka kukata mkungu, usipite tu pale. Mwambie Taata kwamba nilijua ananiona. Si kweli, sikujua. Lakini mwambie hivyo hivyo, na yeye anyamaze tena, kama alivyonyamazia mzigo wangu wa majani.

Ni mimi mwanao,
Method